Ganda Moja Kati ya Hamsini

Miaka ile ya tisini nilikuwa nafanya shifti ya usiku katika ghala moja la Edmonton, kule kwa Malkia, kazi ya kupanga maboksi. Kila Jumamosi asubuhi, badala ya kwenda kulala kama mtu mwenye akili zake, nilipanda basi, kisha treni, hadi Southall kumsaidia mzee mmoja kutengeneza risasi za bastola. Mke wangu alisema nimerogwa. Sikumbishia, maana hata kubisha kulihitaji nguvu.

Mzee huyo nilikutana naye palepale ghalani. Alikuwa fundi wa mikanda inayosafirisha maboksi, Singasinga mzaliwa wa Kisumu aliyejifunzia kazi katika karakana ya reli. Siku moja boksi liliniangukia mguuni, nikalitukana kwa Kiswahili. Sauti chini ya mashine ikanijibu kwa Kiswahili vilevile kwamba boksi halina kosa, mwenye kosa ni aliyelipanga. Nikawa namwita Fundi, naye akaniita bwana mdogo ingawa nilikuwa nimepita arobaini. Alipostaafu nilidhani tumeachana, kumbe alikuwa mwanachama wa klabu ya kulenga shabaha na alitaka mtu wa kufuatana naye. Mimi sikuwa na cheti cha silaha, nilipiga kwa bastola ya klabu. Yeye alikuwa na cheti chake, na bastola yake ya silinda aliifungia ndani ya kabati la chuma kama sheria ilivyotaka.

Wengi pale klabuni walinunua risasi dukani. Fundi alizidharau kama mkewe alivyozidharau chapati za dukani. Zake alizitengeneza mwenyewe, katika kibanda cha mbao nyuma ya nyumba, na kazi yangu mimi ilikuwa kusubu. Tuliyeyusha madini ya risasi, yale laini mazito: mabamba chakavu yaliyong'olewa kwenye mapaa na vile vipande vinavyogongwa kwenye rimu za magari ili gurudumu lisiyumbe. Mlango ukiwa wazi, nilitupia kipande cha mshumaa ndani ya sufuria ya chuma ili uchafu ujitenge, nikaengua taka zilizopanda juu, nikachota kwa upawa na kumimina kwenye kalibu. Vichwa vya risasi vilidondoka juu ya taulo kuukuu, vinang'aa. Ilikuwa kazi ya joto, na joto halimfai mtu aliyekesha.

Kazi ya Fundi ilikuwa nzito zaidi. Maganda ya shaba tuliyoyaokota klabuni aliyatia fataki mpya, kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti, akayapanga kwenye ubao wenye matundu hamsini, akatia kila moja baruti aliyoipima. Kisha alimulika kwa tochi ganda baada ya ganda, kuhakikisha hakuna tupu wala lililotiwa mara mbili. Akishamulika alianza papo hapo kuyafunga kwa vile vichwa nilivyosubu. Tangu baruti ya kwanza hadi kichwa cha mwisho ilikuwa marufuku kusema.

"Baruti hapana penda maneno," aliniambia, kwa Kiswahili chake cha reli ambacho mimi mtu wa Tanga nilikicheka moyoni tu.

Ganda tupu ndilo alilokuwa akiliogopa. Likikosa baruti, fataki peke yake hukisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikakwama humo. Ukipiga nyingine nyuma yake, bastola yaweza kukupasukia mkononi.

Jumamosi ninayoisema, alikuwa amemaliza kumulika yote hamsini mkewe alipomwita kutoka mlango wa jikoni: kaka yake alikuwa kwenye simu kutoka Kanada. Alinyanyuka, akanionya kwa kidole nisiguse kitu. Nikalaza kichwa mezani kidogo tu. Nilikuwa nimetoka kupanga maboksi saa kumi mfululizo, ovataimu juu yake. Kiwiko changu kikagonga ubao, na ganda moja la mstari wa mwisho likaanguka, baruti ikamwagika. Nililirudisha kwenye tundu lake, mdomo juu kama mwanzo, nikafuta meza kwa mkono wa shati. Nilikusudia kumwambia akirudi. Wallahi nilikusudia.

Alirudi kidole kikiwa midomoni, akaketi kwenye mashine yake ya mkono na kuanza mstari wa kwanza. Nikajiambia kwamba akifika ule wa mwisho nitamsimamisha. Nikasinzia. Nilipozinduka alikuwa anapanga risasi hamsini ndani ya kisanduku, anaimba kwa chini.

Sasa lilikuwa jambo jingine. Zote zilifanana. Mizani isingeweza kuitambua ile moja, kwa sababu vichwa nilivisubu mimi na havikulingana uzito. Ilibidi zifunguliwe zote, na kesho yake kulikuwa na mashindano ya klabu. Nilimtazama alivyofurahi, nikanyamaza. Miaka mingi nilijidanganya kwamba nilimwonea huruma. Ukweli ni kwamba niliona aibu, tena nilikuwa nimechoka, na uchovu ndio uliozidi.

Jumapili nilisimama nyuma yake, kizibo cha sikio moja nimekichomoa, nasikiliza. Kila mlio uliotoka sawasawa nilishukuru, kisha nikaanza kuungoja unaofuata. Nilihesabu hadi thelathini na kitu. Halafu ikaja puh, kama mtu anatema mbegu ya chungwa. Fundi alikuwa na vizibo masikioni mwote, macho kwenye shabaha, na kidole chake kilikuwa kinaanza kuvuta tena.

"Fundi, simama," nilimpigia kelele karibu na sikio.

Akasimama. Msimamizi akaichukua ile bastola, akaifungua, akachungulia mtutu kuelekea kwenye taa. Haukupita mwanga. Watu walinizunguka, wakanipiga mabegani, wakasema nina masikio ya ajabu na kwamba nimeuokoa mkono wa mzee. Yeye hakuna aliyemlaumu. Walimwonyesha upole tu, ule upole wanaoonyeshwa wazee, na nadhani huo ndio uliomvunja. Alinikaribia, akasema polepole, "Nimesahau moja, bwana mdogo."

Nilifungua kinywa nimwambie. Msimamizi akanishika mkono kunipongeza, nikakifunga.

Hakutengeneza tena risasi. Ile mashine na kalibu alimpa mwanachama mwingine. Haukupita muda mrefu sheria ikaja, bastola zikapigwa marufuku, nao wenzetu wakazipeleka polisi wakinung'unika. Fundi hakunung'unika. Alisema serikali imemsitiri. Nami, aibu yangu iliyoje, nikashusha pumzi, nikaona mambo yamezikwa pamoja na bastola zenyewe.

Hayakuzikwa. Miaka ya elfu mbili ilipoingia, Fundi alikuwa mtu mwingine. Gari aliliacha kwa hiari yake, akisema aliyesahau baruti hashindwi kusahau breki. Dawa zake za presha alimkabidhi mkewe amhesabie. Daktari alimpima kumbukumbu, akamwambia hana tatizo, naye akasema daktari ni mtu mwenye adabu. Kila hoja aliimalizia kwa lile ganda. Na huyu ni mtu ambaye bado angeweza kufungua saa ya ukutani na kuifunga akizungumza mengine. Nikapunguza kwenda. Nilijisingizia shifti, kumbe sikuweza kumtazama.

Siku moja mchana tulikuwa tunatoka kwenda madukani, yeye na mimi. Alihakikisha gesi imezimwa, akatoka, akarudi, akatoka. Tulipofika getini akaniomba radhi, akarudi tena. Nilimfuata jikoni. Alikuwa ameinamia jiko, anagusa swichi moja baada ya nyingine, midomo inahesabu. Mkewe alikuwa mezani anachambua dengu.

"Fundi," nilisema, "lile ganda nililimwaga mimi. Ulipokwenda kwenye simu."

Hakugeuka mara moja. "Mimi nilimulika?"

"Ulimulika."

"Yote?"

"Yote hamsini. Hukusahau hata moja."

Akavuta kiti, akaketi. Nikaeleza lote, kiwiko, mkono wa shati, usingizi, na jinsi nilivyohesabu milio nyuma yake. Hilo la mwisho ndilo lililomfanya aniangalie. Nilingoja anitukane, ningeshukuru. Akamgeukia mkewe, akamtafsiria kwa Kipunjabi, taratibu, bila kuruka kitu. Mama yule akaacha dengu. Miaka yote hiyo ndiye aliyekuwa akiamshwa kitandani kwenda kumhakikishia mumewe kwamba mlango umefungwa.

"Ungesema siku ile ile," Fundi aliniambia, "tungefungua zote. Kazi ya saa moja tu."

Nilichukua koti langu, naye hakunizuia.