Mkasi wa Baba

Usiku kucha nilijiuliza kama kaka yangu angenichukia. Baba, akiwa mgonjwa, alisema mkasi mkubwa wa duka letu la ushonaji pale Kensington uje kwangu niliyemaliza chuo, si kwa kaka aliyeshona naye miaka yote. Kwetu mwenye mkasi huo ndiye mkuu. Wengine hushona alichokata yeye.

Asubuhi nilipoingia dukani, harufu ya pasi ya moto juu ya kitambaa kilicholowa ilinirudisha utotoni. Nilikuwa nimekaa chini ya meza, vipande vya kitenge vikinikuna miguu. Baba, aliyekuwa mwalimu kabla ya kukimbilia huku, alisimulia habari za mfalme wa Uajemi ya kale aliyempindua baba yake, kisha akawaua ndugu zake wote wa kiume asije mmoja akamnyang'anya kiti.

“Hata mdogo kabisa?” niliuliza.

“Hata huyo. Miezi michache baadaye tauni ikamuua na yeye. Kiti kikaachiwa mtoto mdogo, na dola ikaporomoka.”

Kaka aliinama, akachezesha mkasi karibu na sikio langu. Chuma kilikuwa baridi.

“Eish, mdogo wangu, mbona unatetemeka? Mfalme ni mimi!”

Alicheka. Mimi sikucheka.

Sasa alikuwa amesimama mezani, hainui macho.

“Umekuja kuuchukua?”

Niliutoa mkasi ukutani, nikamwelekezea mpini.

“Kata wewe, kaka.”

Alipoushika, nilivuta kiti, nikakaa kwenye cherehani.