Sombe ya Emérence

Emérence alianza kuitwa mchawi kwa sababu ya sufuria ya sombe. Hawakumwita hivyo usoni. Usoni waliendelea kumwita Mama Josiane na kumpa mkono, ila kwa ncha za vidole.

Hiyo ilikuwa Louisville, mwaka 2013. Alikuwa amefika Marekani kutoka kambi ya wakimbizi Burundi na binti yake mmoja, Josiane, wakapewa nyumba ya vyumba viwili huko Newburg. Akapata kazi ghalani, kupanga vifurushi usiku kucha, na asubuhi alirudi macho mekundu kama pilipili. Mume alikuwa amekufa zamani. Shule hakuwahi kukanyaga, na mdomo wake haukujua kubembeleza mtu. Mwanamke wa namna hiyo hakawii kupewa jina, awe Walungu, Kongo, alikozaliwa au Newburg alikopelekwa.

Kwenye jengo lao aliishi Bulonza na mkewe, na huyo mke aliharibikiwa mimba mara mbili. Walipokwenda kumpa pole, kila mama alibeba chakula. Emérence alibeba sombe yake ya majani ya muhogo, aliyoipika nusu siku kwa mawese na samaki mkavu. Juma lililofuata Spés, nabii wa chumba cha maombi, alisimama akasema ameota ndoto: mama mjane, macho mekundu, anamlisha mke wa Bulonza nyama mbichi. Hakutaja jina. Kulikuwa na haja gani?

Kwa watu wa Kivu, chakula ndiyo njia. Mchawi humlisha mtu ndotoni akamfunga, na uchawi wenyewe hupita kwenye sahani, kutoka kwa mama hadi kwa binti, kutoka kwa bibi hadi kwa mjukuu. Tangu siku hiyo, pakiwa na harusi au msiba, sufuria ya Emérence iliwekwa mezani pamoja na za wenzake, kwa heshima zote, kisha ikarudi nyumbani vilevile, mafuta yameganda juu, hakuna hata alama ya kijiko.

"Lisemwalo lipo," alisema Mchungaji Bagula wa kanisa lao, na waumini wakaitikia amina.

Josiane alimtetea mama yake mwaka mmoja na nusu. Kisha akachumbiwa na Gaël, mtoto wa shemasi, na utetezi ukaishia hapo. "Mama, tafuta mahali pengine kidogo," alisema. Hicho kidogo kilikuwa Columbus, jimbo jingine kabisa.

Huko Reynoldsburg, pembeni mwa Columbus, habari zilimtangulia kwa simu. Mtu pekee aliyekula kwake alikuwa jirani Mwislamu, Abdulkarim, mtu wa Tanga.

"Sombe gani, mama? Hiki kisamvu chetu hiki!"

"Hujasikia wanavyosema?"

"Nimesikia. Kwetu wanasema mchawi mpe mwana akulelee. Sasa mimi jitu zima na ndevu zangu, nitaogopa majani ya muhogo?"

"Usicheke, Abdulkarim. Watu wamenimaliza."

"Sicheki, mama. Nakula."

Kula kwa mtu mmoja hakukutosha kumweka mjini. Mwaka 2016 Emérence alihamia Buffalo, asikojulikana na yeyote, akaandikwa kazi ya kutunza wazee majumbani. Mzee wake wa kwanza alikuwa bibi mzungu aliyeishi peke yake Lower West Side, miguu imevimba, jina lake Marlene.

"Nikuambie mapema," alisema Marlene siku ya kwanza, kama mtu anayesema yeye ni fundi cherehani. "Mimi ni mchawi. Kama haikupendezi, wapigie wakutafutie kwingine."

Kiingereza cha Emérence kilikuwa kile cha ghalani, lakini neno hilo alilijua kuliko mengine yote. Alibaki amesimama na koti lake mwilini.

"Umekula wangapi?" aliuliza.

"Wangapi nini?"

"Watu. Watoto."

Marlene alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. "Mama wewe! Mimi hata nyama ya ng'ombe daktari amenikataza."

Juu ya kabati lake palikuwa na mishumaa, bakuli la chumvi, kisu kisichokata kitu, na nyota ya shaba yenye pembe tano ndani ya duara. Marlene alieleza bila kuulizwa. Alibatizwa Mkatoliki, kama Wapolandi wote wa mtaa wao wa zamani. Alipofika miaka arobaini akaiacha misa, akaingia dini inayoitwa Wicca. Wanauheshimu mwezi na ardhi, na wana amri moja kubwa: usimdhuru mtu. Ukituma jambo, jema au baya, linakurudia mara tatu.

"Kwa hiyo mimi," alisema, "naogopa kumtakia mtu hata mafua."

Emérence hakuikubali dini hiyo, na hajaikubali mpaka leo. Kwake mwezi ni taa tu, na mwenye taa ni Mungu. Alipopangusa vumbi aliliruka kabati lile, akitaja jina la Yesu chini ya pumzi. Lakini macho alikuwa nayo. Chumvi ile aliijua; Bagula naye alikuwa na yake, na chupa ya mafuta pembeni. Bagula alipiga kelele kwenye maombi kwamba adui zake waanguke, wafe, wateketee kwa moto, naye akaitwa mtumishi. Huyu bibi aliogopa kumtakia mtu mafua, naye ndiye mchawi. Tena alikula sombe, kwa mkate na siagi, akaomba ya kesho.

Mwezi wa tano Josiane alijifungua mtoto wa kiume. Emérence alimfuma kofia ya njano, akakaa kwenye kiti cha Marlene, akajipiga picha ameishika, akaituma Louisville. Hakuangalia kilichokuwa nyuma yake. Siku ya tatu picha ilimrudia kwa WhatsApp kutoka kwa mtu wa kambini Burundi, na mkono wa mtu umezungushia nyota ya shaba mduara mwekundu.

Josiane akapiga simu.

"Mama, unakaa kwa mchawi?"

"Namwogesha. Ni kazi."

"Donc, kumbe ni kweli."

"Kweli gani?"

"Mama, bon, nisikilize. Jumapili ijayo tunamtoa mtoto kanisani, abarikiwe. Mchungaji anasema njoo uungame mbele ya watu, wakuombee, iishe. Utamshika mtoto. Usipoungama, Gaël amekataa."

"Niungame nini?"

"Sema tu! Maneno ni maneno."

Marlene aliposimuliwa alisema vilevile. "Waambie ndiyo, ukamshike mjukuu wako. Mimi nasema ndiyo kila siku na sijafa."

"Wewe huna binti kanisani," Emérence alimjibu.

Alipanda basi la Louisville na kofia ya njano, na sombe iliyogandishwa ndani ya ndoo ya aiskrimu. Kanisa lilikuwa ukumbi wa kupanga. Mtoto alikuwa mbele, kwenye mikono ya mama yake Gaël, amefunikwa kitambaa cheupe. Bagula alimwita Emérence, akampa kipaza sauti.

"Jina langu Emérence," alisema. "Sijala mtu."

Akasubiri kama kuna lingine lililobaki kusema. Halikuwepo. Akarudisha kipaza sauti, akachukua ndoo yake, akatoka. Nyuma yake kwaya iliamriwa kuimba.

Josiane alimkuta kwenye maegesho ya magari, analia kwa hasira.

"Neno moja, mama! Neno moja lilikushinda?"

"Lilinishinda."

"Unapenda kiburi chako kuliko mtoto."

Emérence aliiweka ndoo juu ya gari la Gaël. "Uchawi unapita wapi, Josiane? Spés anafundishaje?"

"Kwenye chakula."

"Nani alikulisha wewe?"

Josiane aliitazama ile ndoo.

"Miaka ishirini na mitatu ulikula mkononi mwangu. Nikisema ndiyo leo, wataniombea mimi, wataimba. Siku mtoto wa mwenzako atakapougua watakumbuka wewe ni binti wa nani. Kisha watamwangalia huyo mtoto. Mimi wameshanipa jina. Ninyi sitawapa mimi."

Binti alifuta pua kwa kitenge. Kisha akaingia ndani kwa mlango wa jikoni. Alirudi na mtoto, anaangalia nyuma kila hatua, akafungua mlango wa gari.

"Ingia haraka. Inama. Nimesema namnyonyesha."

Emérence alimshika mjukuu wake ameinama kwenye kiti cha nyuma, kama mwizi na mali ya wizi. Alimvika kofia, ilikuwa kubwa. Mtoto alipiga chafya, akalala. Nyuma ya ukuta wimbo uliendelea, ubeti wa tatu, wa nne, na ulipofika kiitikio cha mwisho Josiane alinyoosha mikono, akampokea. Kofia aliivua, akaificha kwenye mfuko.

Ndoo ya sombe ilikuwa bado juu ya gari. Josiane aliichukua pia, akaisukuma chini ya kiti. Kama baadaye aliila au aliitupa, Emérence hakuuliza. Basi lake lilikuwa la saa tisa.