Godoro Nililomchagulia Kazungu

Mwanangu, katika siku zote za ujana wangu ipo moja ambayo hata nikitaka kuisahau hainiachi. Ni siku niliyompelekea kaka yangu godoro. Nilitoka nalo Malindi asubuhi likiwa limefungwa juu ya basi, tukavuka nalo feri ya Kilifi, nikashuka kwenye njia panda ya Takaungu na kulitia kichwani. Njia ile ni ndefu kwa miguu, na jua lilikuwa kali. Kila niliyempita aliniuliza kama ninaoa. Nilicheka nikajibu, "La, ni la kaka yangu." Sidhani kama nimewahi kufurahi tena kama nilivyofurahi siku ile, na ndiyo maana kuisimulia kunanipa tabu.

Kaka yangu huyo aliitwa Kazungu. Baba yetu alipofariki mimi nilikuwa mtoto wa kuanza shule, naye alikuwa amekwisha kuwa kijana. Akaacha masomo yake akaenda timboni, kule yanakochimbwa mawe ya kujengea nyumba. Alirudi kila jioni nyusi zimekuwa nyeupe kwa vumbi, mikono imepasuka. Sare yangu ya shule, vitabu vyangu, viatu vyangu vya kwanza, vyote vilitoka timboni. Hakuwahi kunikumbusha. Wapo watu wanaokusaidia kisha wanakusimulia msaada wao mpaka unautapika. Kazungu hakuwa mtu wa namna hiyo.

Nilipomaliza shule nikapata kazi ya kutandika vitanda katika hoteli moja ya watalii huko Malindi. Ilikuwa miaka ya themanini mwanzoni, na wageni walikuwa wengi. Vitanda vya hoteli ile havikuwa kama vyetu vya kamba. Vilikuwa vya mbao bapa, vipana, vimekaa chini karibu na sakafu kama jukwaa, na juu yake magodoro manene ya sponji. Ukikaa unazama. Nilivitandika kutwa, chumba kwa chumba, na kila nilipolipigapiga godoro kulinyoosha nilimfikiria kaka yangu na mgongo wake. Nikajiambia kwamba siku moja naye atalalia godoro kama lile.

Siku hiyo ilikuja kwa njia ambayo sikuiomba. Ukuta wa timbo ulimporomokea akiwa ameinama. Wenzake walimfukua akiwa hai, lakini kutoka kiunoni kwenda chini alikuwa hasikii kitu tena. Alilazwa hospitali miezi mingi. Aliporuhusiwa, daktari alituita mimi na shemeji yangu Dama, mke wa Kazungu, akatueleza mambo mawili. La kwanza, asilalie kitanda cha kamba, maana kinabonyea katikati. Atafutiwe kitanda cha mbao, kilichonyooka. La pili, asilale ubavu mmoja kwa muda mrefu. "Ngozi isiyosikia maumivu," alisema, "huharibika na mwenyewe asijue."

Kitanda alikitengeneza Fundi Omari, seremala mzee wa pale Takaungu. Alikuja kwanza bila msumeno wala kamba ya kupimia, akaketi karibu na Kazungu wakazungumza kwa muda mrefu. Akaniudhi kidogo, maana nilitaka kazi ianze. Baadaye ndipo nilipoona alikuwa akiiangalia mikono ya mgonjwa, inafika wapi na ina nguvu kiasi gani. Alipokijenga kitanda, mbao za juu alizipanga akaacha nafasi ya upana wa kidole kati ya ubao na ubao, ili godoro lipate hewa. Na ubao wa ubavuni aliuinua kidogo, ili Kazungu apate pa kushika.

Juu yake Dama aliweka godoro lao la zamani la sufi. Alikuwa amelifumua, akaianika sufi yake juani siku mbili, kisha akaishindilia upya mpaka godoro likawa gumu kama gunia la mchele. Lilikuwa jembamba, lina viraka vya vitambaa vitatu tofauti, na kimojawapo kilikuwa kipande cha mfuko wa unga, maandishi yake bado yanasomeka.

Jumapili iliyofuata nilikuwa nyumbani. Kazungu akaniita.

"Charo, hebu nitazame."

Akaushika ule ubao wa ubavuni, akajivuta, mishipa ya shingo ikamtoka, na polepole mwili wake ukageuka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aumie kugeuka bila kusaidiwa. Jasho lilikuwa likimtiririka, naye anacheka.

"Umeona? Dama akienda kuuza maandazi yake asubuhi, sina haja ya kumngoja mtu. Mwenyewe nageuka."

"Vyema, kaka," nikamjibu. Lakini macho yangu, mwanangu, yalikuwa kwenye kile kiraka cha mfuko wa unga. Niliona haya. Mimi natandikia wageni magodoro ya kifahari, na mtu aliyenilea analalia matambara. Jambo kubwa alilokuwa akinionyesha lilinipita.

Fundi Omari alikuwepo. Alipokuwa anaondoka alinivuta kando. "Godoro hili limemfaa, mwanangu. Ukitaka kumbadilishia, mtafutie gumu kama hili, na lisizidi unene huu. Na kabla hujalinunua, mwulize yeye mwenyewe."

"Sawa, Fundi," nikamwitikia, kwa mdomo tu.

Niliweka akiba miezi kadhaa, kisha nikaenda dukani. Mwenye duka, bwana mmoja mpole, alinitolea magodoro mawili. Moja lilikuwa zito, gumu, si nene, limevikwa kitambaa cha kahawia kisichopendeza. La pili lilikuwa nene maradufu, jepesi, laini, lina maua mekundu.

"Ni la nani?" akaniuliza.

"La mgonjwa. Mgongo umeumia."

"Basi chukua hili la kahawia. Hilo jingine ni zuri kwa macho, lakini mtu mzito akililalia kutwa kucha linadidimia. Mgonjwa mwenyewe yuko wapi? Hawezi kuletwa akalijaribu?"

Nikamwambia yuko mbali. Nikalibonyeza lile la maua kwa kiganja, likabonyea, likainuka taratibu, vile vile kama ya hotelini. Sikulilalia hata mimi mwenyewe. Nililibonyeza kwa mkono mara mbili, nikasema, "Nifungie hili."

Nimekwisha kukueleza nilivyolibeba. Nilipofika, majirani walijaa uani. Kina mama walilishika wakalisifu. Tulimwinua Kazungu, tukaliondoa la sufi, tukatandika jipya, tukamlaza. Alizama. Maua mekundu yalimzunguka pande zote.

"Vipi, kaka?"

Akatabasamu. "Ni zuri mno. Umenipa heshima, Charo. Nalala kama Mzungu." Watu wakacheka.

Nikalichukua la zamani nikalitoa nje. Dama akanifuata.

"Shemeji, hilo liache tu pale pembeni."

"La nini tena? Mnataka watu waseme nini?"

"Liache kwanza, tuone."

Sikutaka kuona. Nililichana nikalitia moto nyuma ya nyumba, na sufi huwaka upesi, mwanangu. Kufumba na kufumbua imekwisha. Kazungu aliuona moshi kupitia dirishani.

Nikarudi kazini. Wageni walikuwa wengi na ruhusa haikupatikana. Kila mtu wa kwetu aliyekuja Malindi nilimwuliza hali ya kaka, na jibu likawa moja: hajambo, anashukuru kwa godoro. Nililala usingizi mzuri kwa salamu hizo.

Nilirudi baada ya miezi minne. Kabla sijafika nyumbani nikakutana na Fundi Omari njiani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Waenda kwa kaka yako?"

"Ndiyo."

"Ukifika, mwambie ageuke umwone."

Akaenda zake.

Nilimkuta Kazungu peke yake. Dama alikuwa bado sokoni. Kaka alikuwa amekonda, na chumba kilikuwa na harufu ambayo udi uliofukizwa haukuweza kuificha. Tukasalimiana. Nikamwambia, "Kaka, geuka nikuone."

"Keti kwanza. Nipe habari za Malindi."

"Geuka kwanza, kaka."

Akanyoosha mkono kuutafuta ule ubao wa ubavuni. Haukufikika. Godoro langu lilikuwa nene hata limeupita ubao kwa kimo, limeufunika. Vidole vyake vilikuwa vikikwaruza sponji, na sponji haina pa kushika. Akajaribu kujiinua kwa kiwiko, kiwiko kikazama. Akajaribu tena. Halafu akauelekeza uso ukutani akatulia.

Dama alipoingia na kuniona nimesimama pale, alijua. Aliweka beseni lake chini, akamfunua mumewe ubavu, akanionyesha. Kilikuwa kidonda juu ya mfupa wa nyonga, kipana kama kiganja changu, na kimezama ndani.

"Nikirudi sokoni namgeuza," akasema. "Usiku namgeuza. Lakini asubuhi yote yuko peke yake, na lazima nikauze tupate kula. Zamani alikuwa akijigeuza."

"Kwa nini hamkuniita?"

"Nilitaka. Alinikataza. Alisema utavunjika moyo."

Fundi Omari alikuja jioni ile tukamtoa Kazungu kitandani. Tulipoliinua godoro, katikati lilikuwa limekandamana likawa jembamba kama mkate wa kumimina uliokosa kuumuka. Mifupa yake ilikuwa inalalia mbao. Upande wa chini ulikuwa na unyevu, umeota kuvu jeusi. Fundi aliliegemeza ukutani, akaniangalia.

"Nilikwambia umwulize, Charo. Hukumwuliza. Ulichagua godoro unalolipenda wewe, ukamlaza mwingine."

Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Dama na mke wa Fundi walimshonea godoro jipya la sufi kwa siku mbili, wakalishindilia kama lile la kwanza. Kazungu akaushika ubao wake akageuka. Lakini kidonda kilikuwa kimekwisha kufika mfupani, na homa ikaingia. Tukampeleka hospitali. Niliomba ruhusa kazini, nikanyimwa, nikaiacha kazi. Nilikaa naye majuma matatu, na kila baada ya muda nilimgeuza kwa mikono yangu, nikijua kwamba sasa ni bure.

Siku moja mchana, homa ikiwa imepungua kidogo, nilimwuliza.

"Kaka, kwa nini hukuniambia kwamba halikufai?"

"Ulilibeba kichwani toka barabara kuu, Charo. Watu wote waliona. Ulikuwa unafurahi kama siku nilipokununulia viatu. Ningekwambia nini?"

"Ungeniambia tu. Ningelirudisha."

"Na lile la zamani ulikuwa umeshalichoma." Alisema bila hasira, kama mtu anayetaja saa. Kisha akanishika mkono. "Usilie. Nilipenda ulivyofurahi."

Alifariki wiki hiyo. Tulimzika Takaungu. Baada ya matanga nilikwenda mbele ya Dama kumwomba msamaha. Alikuwa akisafisha mchele, hakuinua kichwa. Akasema, "Hukumwua, shemeji. Mlipendana sana nyinyi wawili. Ila hamkuwa mkiambiana."

Sasa nisikilize, mwanangu, maana nimeyaeleza haya yote ili nifike hapa.

Ukimnunulia mtu kitanda au godoro, usilichague kwa jicho wala kwa kiganja. Mchukue mwenyewe akalilalie. Asipoweza kwenda, lilalie wewe kwa mgongo wako, ukae juu yake muda, ujigeuze ukiwa umejifanya huna miguu. Kitanda cha mbao hakidanganyiki. Godoro likiwa hafifu, mbao zitamfikia mtu mifupani. Linganisha unene wake na kitanda chenyewe, lisije likafunika pa kushika. Liwe linapata hewa chini, na lianikwe mara kwa mara, kwani pwani hii yetu ina unyevu. Na la zamani usilitupe mpaka jipya limejulikana tabia yake.

Hayo ni ya godoro. La zaidi ni hili. Mtu mgonjwa, au mzazi mzee, au yeyote anayekutegemea, ni vigumu kwake kukuambia kwamba ulichomletea kinamwumiza. Atakushukuru. Shukrani hiyo isikutoshe. Rudi baada ya siku chache mkiwa wawili tu, umwulize tena, na umwulize kwa namna ambayo akisema "hapana" hatakuwa amekukosea. Mwulize na anayemuuguza. Na mtu akikuonyesha jambo dogo analoliweza, hata kama ni kujigeuza tu, acha mengine yote umtazame, kisha hakikisha zawadi yako haimnyang'anyi jambo hilo.

Mungu akupe cha kuwapa uwapendao, mwanangu, na akupe subira ya kuwasikiliza kabla ya kutoa. Wazee wako wakulalie salama mikononi mwako. Na ukifika umri wangu, usiwe na wa kumwomba radhi ambaye hayupo tena kukujibu. Amina.