Halbadiri ya Shangazi Zamda

Shangazi yangu Zamda alikuwa na mdomo, na Kibiti nzima inalijua hilo. Alipoibiwa cherehani, ile aliyoinunua maduka yalipoanza tena kujaa bidhaa, hakulia. Alisimama sokoni akatangaza kwamba ameshasomesha halbadiri, kile kisomo cha kumlaani mwizi, na aliyeichukua ataoza akiwa hai. Ulikuwa uongo mtupu. Alikwenda polisi kama mtu mwingine yeyote, na cherehani ikakutwa kwa Mrisho, kijana wa kijiji cha Mtunda. Shangazi akatoa ushahidi kwa raha zake, Mrisho akafungwa mwaka mmoja.

Miezi kadhaa baadaye mama yake Mrisho, Bi Mwanawetu, alikuja kwetu akakataa hata kukaa kwenye mkeka. Mwanawe alikuwa amejikata mguu kwa jembe katika shamba la gereza. Kidonda kimevimba, kinanuka, homa haishuki. Askari hawampeleki hospitali kwa sababu wanasema hiyo ni halbadiri, dawa zitapotea bure. Alikuja kumwomba shangazi aifungue kabla mtoto hajafa.

Shangazi aliingia ndani, akatoka na buibui lake la sikukuu, akamshika Mwanawetu mkono wakaondoka. Nikawafuata, maana jambo kama lile si la kuhadithiwa.

Mkuu wa gereza alitupokea vizuri. Shangazi akamweleza kila kitu: hakusomesha chochote, alijitapa tu sokoni, mtoto wa watu anaumwa kidonda. Aibu aliyoiona siku ile naijua mimi. Mkuu akatabasamu kwa upole na kusema kwamba anamwelewa, hakuna anayekiri halbadiri mbele ya serikali. Mwanawetu akaanza kulia.

Hapo hasira za shangazi zikapanda, na hasira zake ndizo nilizozipenda kuliko kitu chochote kwake.

"Haya, afande, basi niliisomesha," akasema. "Laana ni yangu na Mungu wangu. Lakini mie nilimleta huyu afungwe, sikumleta afe. Hakimu alimpa mwaka, mguu hakuutaja. Na redioni nimesikia mataifa yamekubaliana kwamba mfungwa atibiwe kama mtu aliye nje. Angekuwa nje, mama yake huyu angembeba mgongoni mpaka hospitali. Ufunguo unao weye, basi na dawa iko juu yako."

Akakaa kwenye benchi, akajiweka sawa, kama mtu aliyefika kwake. Mkuu aliita askari akaagiza gari.

Hospitalini walimpasua Mrisho kile kidonda, wakakisafisha, akachomwa sindano kila siku mpaka homa ikashuka. Kisha akarudishwa gerezani kumalizia kifungo chake, na shangazi hakuomba apunguziwe hata siku moja.

Siku alipotoka, Mrisho alipitia kwetu akitembea kwa miguu yake miwili. Shangazi alikuwa barazani akishona kwa cherehani ileile. Mrisho akapiga magoti, akaomba radhi, akamshukuru kwa kumfungulia halbadiri.

Shangazi aliutazama ule mguu, na macho yake yakalowa.

"Sikufungua kitu, mwanangu," akasema. "Ulitibiwa. Ilikuwa haki yako."

Akamsamehe mbele yetu sote. Kisha akainuka, akaiingiza cherehani ndani.