Kiti Nilichokigeuza Mwenyewe

Nakiri kwamba mimi, nahodha wa mahodari watatu wa Ng'ambo, ndiye niliyetuangusha. Mama Salome, mfuga nyuki wa Ipole, alitukabili peke yake kwa sataranji katika saluni ya kinyozi wetu. Tukishinda, ndoo ya asali ni yetu. Tukishindwa, tutamlimia tumbaku.

"Mama, samahani, tazama kule kidogo," nilimwambia kila zamu yetu ilipofika, nikikizungusha kiti chake cha kunyolea asione ubao wa pili tuliofanyia mipango. Tulisogeza farasi kimyakimya, tukamtegea malkia wake. Kila mtego aliukwepa.

"Huyu mama ana dawa," nilinong'ona.

Mfalme wetu alipokosa pa kukimbilia, Mama Salome alicheka.

"Mwanangu, siku nyingine nigeuze nielekee ukuta usio na kioo."