Asubuhi Mdogo Wangu Hakusimama

Mdogo wangu wa kike alipoteza uwezo wa kusikia akiwa na miaka minne, baada ya homa kali. Shule ya kawaida ilimweka benchi la mbele, mikono juu ya meza, akitazama mdomo wa mwalimu. Baada ya miaka sita alijua kunakili ubao kwa mwandiko safi kabisa, bila kuelewa alichonakili.

Kisha darasa la viziwi likafunguliwa katika chumba nyuma ya kanisa moja hapa Lubumbashi. Mwalimu alikuwa kiziwi mwenyewe na alifundisha kwa ishara. Haikupita miezi mitatu, mdogo wangu akawa anauliza "kwa nini". Hakuwahi kuuliza hivyo kabla. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, fundi wa umeme. Nilianza kuchora ishara zake katika daftari, moja moja, na maelezo pembeni, ili niweze kumjibu.

Baba, fundi wa reli, hakupenda. Aliamini mikono ikifanya kazi mdomo utalala. "Ile ni mikono ya kusukula masahani," alikuwa akisema, yaani ya kuosha vyombo. Na alishatangaza: siku darasa hilo litakapoleta matata nyumbani, mtoto ataenda kwa bibi mzaa baba kule kaskazini, akalime.

Miaka ile ya chama kimoja, drapo, yaani bendera, ilipopandishwa asubuhi, kila aliye barabarani alisimama. Baiskeli zilisimama, mama mwenye beseni kichwani alisimama, mpaka wimbo wa taifa uishe. Mdogo wangu alijua kusimama akiona wengine wamesimama. Siku ile hakuwa na mtu mbele yake. Alikuwa ameipa drapo mgongo, akiwahi darasa. Filimbi ikapulizwa, yeye akaendelea kutembea. Vijana wa Chama walimshika mkono, wakampeleka ofisini kwao.

Jirani alikuja kutuambia. Baba alivaa koti, akasema: "Leo njo mwisho ya ile masomo." Nilichukua baiskeli, nikapitia kanisani kwanza. Mwalimu alikuwa na wanafunzi. Nilimwonyesha kwa ishara zangu mbaya: mdogo wangu, drapo, kushikwa. Alielewa, akaniashiria nitangulie.

Ofisini nilimkuta Baba amesimama mbele ya meza, kofia mkononi. Mkuu wa ofisi alikuwa ameketi. Mdogo wangu alikuwa katikati ya chumba, amewapa wote mgongo kama alivyowekwa. Kijana mmoja aliinua mguu, akaupiga chini kwa nguvu nyuma yake. Mdogo wangu akageuka mara moja.

"Citoyen, unaona?" kijana akamwambia mkuu, akimwita "raia" kama ilivyoamriwa siku zile. "Anasikia! Iko na kichwa nguvu tu."

"Hii sakafu ni ya mbao," nikasema. "Inatetemeka. Anasikia na miguu."

Mkuu akacheka. "Masikio yake iko mu miguu? Basi drapo tutaiimbia viatu?"

Vijana wakacheka pia. Baba hakucheka. Alitazama chini, nikajua anahesabu siku za safari ya kaskazini.

Mwalimu aliingia akihema. Aliomba karatasi kwa mkono, akaandika mistari miwili kwa Kifaransa, akampa mkuu. Mkuu alisoma kwa sauti: darasa lao huimba wimbo wa taifa kila asubuhi, mtoto anaweza kuonyesha.

"Aonyeshe," mkuu akasema.

Mwalimu akamwashiria. Mdogo wangu akageukia picha ya Rais ukutani, akanyoosha mgongo, akaanza kuimba kwa mikono. Haikusikika hata pumzi. Nilikuwa najua baadhi ya ishara: kusimama, amani, nchi. Alipofika kwenye nchi, yule kijana aliyepiga mguu alikuwa amebana visigino kama askari. Mwenzake akamfuata. Baba naye, kofia kifuani.

Mkuu alibaki peke yake kitini. Alitazama vijana wake, akatazama picha. Wimbo wa taifa ulikuwa unaimbwa mbele yake naye ameketi. Akainuka, akafunga kifungo cha abakosti, lile koti la viongozi, akasimama wima mpaka mikono ya mdogo wangu iliposhuka.

"Mm," akasema, bila kumtazama mtu. "Baba, muende naye. Na mwalimu abafundishe kuangaliaka nyuma."

Nje, niliinua baiskeli yangu. Baba alimgeukia mwalimu, kisha mimi.

"Banasema namna gani 'aksanti'?" akaniuliza.

Nilimwonyesha: vidole kwenye kidevu, kisha mkono mbele. Baba alianzia puani, kama mtu anayefukuza nzi. Mdogo wangu alicheka kwa sauti yake nzito, barabara nzima ikageuka. Akamshika Baba mkono, akaushusha mpaka kidevuni, Baba akarudia.

Mwalimu akamjibu. Kisha akamwonyesha mdogo wangu njia ya kanisani, kwa sababu somo la hesabu lilikuwa bado halijaisha, nao wakaondoka wawili. Baba hakumwita arudi.