Vidoti vya visima

Kuanzia leo, ramani za visima Isiolo nzima zitachorwa vile mimi nimesema.

Mpwa wangu Talaso, anayefanya kazi ya maji, alibandika ramani yake hapa Korbesa asubuhi. Vidoti vya kijani ni visima vyenye maji. Vyekundu vimekauka.

Jirani yangu Halkano alifika na mbuzi ambao hawajanywa siku tatu. "Mzee, niende wapi?"

Nikaweka kidole. "Hapa. Maji tele!"

Akapiga mluzi, mbuzi wakaanza kutembea.

"Abuya! Mjomba!" Talaso akapiga kelele. "Hicho kimekauka! Unataka kuwaua?"

Watu waliokuwa hapo wakanigeukia.

Mimi nilikubali kosa? Hata kidogo.

"Kosa ni la ramani," nikasema. "Ngamia wetu tunawajua kwa rangi ama kwa chapa? Kisima kilichokauka kipige chapa ya X. Chenye maji, chora tone. Wino mweusi."

Talaso akaniangalia sana, halafu akachukua kalamu. Halkano akageuza mbuzi wake.

Nimekaa nikafikiria wale mbuzi.

Ukweli ni kwamba nilikisia. Nyekundu na kijani, mimi naona rangi moja tangu utotoni.

Kama uko hivyo pia, sema hapa chini.

Hata mke wangu sijawahi kumwambia.